Mjinga, Mtoro na Mshenzi: Athari za Utumwa katika Maneno ya Kudunisha

Utumwa ulikomeshwa kisheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907. Minyororo ilikatwa, lakini hapakuwa na amri iliyoweza kuyakata maneno. Mengi ya maneno hayo yangali yanasikika nyumbani, shuleni na sokoni, nasi tumeyazoea hata hatuulizi yalitoka wapi. Makala haya yanakusudia kuyachunguza machache, ili kuonyesha kwamba lugha ya kudunisha iliyozaliwa na utumwa imehifadhi mtazamo wa bwana, na kwamba atumiaye maneno hayo huwatazama wenzake kwa jicho la bwana huyo pasipo kujua.

Tuanze na neno mtumwa lenyewe. Kisarufi ni jina litokanalo na kitenzi tuma katika kauli ya kutendwa, yaani mtu aliyetumwa. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichotupa neno mtume, ambalo ni la heshima kubwa. Ni dhahiri basi kwamba mzizi wa neno hauna kosa lolote. Kosa limo katika mpango wa jamii uliomfanya mtu mmoja atumwe maisha yake yote, auzwe na arithiwe kama kitu. Kwa hiyo tunapotafuta asili ya tusi haitoshi kuchambua sauti na viambishi. Hatuna budi kuuliza ni nani aliyekuwa akisema, na alikuwa akimwambia nani.

Katika karne ya 19, mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba, na yale ya nafaka ya Malindi, yalihitaji wafanyakazi wengi mno. Watu walitekwa au kununuliwa bara, wakafikishwa pwani wakiwa hawakijui Kiswahili wala desturi za mahali hapo. Mtumwa mgeni wa namna hii aliitwa mjinga. Aliyezaliwa pwani katika milki ya bwana aliitwa mzalia, naye aghalabu alipewa kazi nafuu na hakuuzwa kwa wepesi. Huyo aliyeitwa mjinga alikuwa na lugha yake, alijua kulima, kufua chuma au kutibu kwa mitishamba, na huenda alikuwa mzee wa baraza kwao. Ujinga wake ulikuwa mmoja tu, nao ni kutojua lugha na amri za bwana. Lakini kwa kuwa bwana ndiye aliyekuwa na uwezo wa kutaja, upungufu huo mmoja ulifanywa kuwa jina la mtu mzima.

Neno mtoro linaonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Leo mtoro ni mwanafunzi aliyekwepa shule au askari aliyeacha kikosi chake. Zamani mtoro alikuwa mtumwa aliyeitoroka milki ya bwana wake. Huko Fuladoyo, katika bara ya Kilifi, watoro walijenga makazi yao wenyewe, wakalima na kujilinda. Wengine walikimbilia Rabai na vituo jirani vya wamisionari, na ilipofika mwaka 1888 idadi yao ilikuwa imepita elfu moja. Mgogoro uliozuka ulimalizwa kwa Waingereza kuwalipa mabwana fidia ili watoro hao waachwe huru. Hali kadhalika, sheria za 1897 na 1907 ziliweka fidia kwa ajili ya mabwana. Aliyefanya kazi miaka yote hiyo bila ujira hakulipwa kitu. Hesabu ya fedha na hesabu ya maneno zilikwenda pamoja. Mtu aliyehatarisha maisha yake kwa ajili ya uhuru wake angestahili jina la shujaa, lakini lugha imemkumbuka kama mkosaji, kwa sababu iliyomkumbuka ni lugha ya aliyepata hasara.

Mshenzi ni neno la aina nyingine. Mjinga na mtoro waliitwa hivyo baada ya kutiwa utumwani. Mshenzi aliitwa hivyo kabla. Alikuwa mtu wa bara, asiyekuwa Mwislamu, asiyekuwa na nasaba inayotambuliwa mjini. Na kwa kuitwa hivyo alihesabiwa kuwa mtu anayeweza kutekwa bila lawama. Kinyume chake alikuwa mwungwana, yaani mtu huru wa mjini. Baadaye lilipata nguvu neno mstaarabu, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu humaanisha aliyejifananisha na Waarabu. Hivyo hata kipimo cha utu mwema kiliwekwa mbali na Mwafrika wa bara, naye akaambiwa akifuate.

Kisha ukaja utawala wa kikoloni, na ngazi hiyo ikaongezewa kidato kingine juu. Walowezi wa Kizungu nchini Kenya walilichukua neno hilo wakaliingiza katika Kiingereza chao, wakaliita shenzi kila kitu duni, hata mbwa asiye na mbegu bora. Mwungwana wa pwani aliyewaita wengine washenzi alijikuta sasa naye akiwekwa kundi moja nao. Mtu mzima mwenye wake na wajukuu aliitwa boi, na aliyemwita hivyo huenda alikuwa kijana wa umri wa mjukuu wake. Hapa yafaa tukumbuke kwamba ngazi ya dharau haina mwisho: anayemkanyaga aliye chini yake hajui ni nani atakayekuja kusimama juu yake.

Safari ya neno kafiri yathibitisha hayo. Katika Kiarabu na Kiswahili ni neno la dini, na humhusu asiyeamini, awe wa rangi yoyote. Wareno walilipokea kutoka kwa Waislamu wa Bahari ya Hindi, wakalitumia kwa Waafrika weusi. Waholanzi na Waingereza wakaliendeleza katika Rasi ya Tumaini Jema, hata likawa tusi chungu kuliko yote katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 2018 mahakama ya nchi hiyo ilimhukumu kifungo mwanamke mmoja mweupe aliyelikariri mara nyingi kumtukana askari polisi mweusi. Silabi ni karibu zile zile. Kilichobadilika ni mkono ulioishika fimbo.

Pengine msomaji atasema kwamba maneno hubadilika maana, na kwamba mwalimu amwitaye mwanafunzi mtoro hana nia ya kumtia utumwani. Hoja hiyo ni ya kweli, na hatusemi maneno hayo yapigwe marufuku. Lakini yatupasa kutofautisha. Mjinga na mtoro yamesahau asili yao kwa kiasi kikubwa. Mshenzi haijasahau, kwa maana ingali ikilenga ukoo na utoko wa mtu zaidi ya tendo lake. Ama mtwana na kijakazi, anapotupiwa mtu ambaye babu au bibi yake alikuwa mtumwa, huwa ni jeraha lile lile lililofunuliwa upya. Na ziko familia ambazo posa zimevunjika kwa sababu hiyo. Watunga kamusi watatusaidia wakieleza historia ya maneno haya, badala ya kuyafasiri kana kwamba yalizaliwa bila wazazi.

Wala tusidhani kwamba lugha haiwezi kujikomboa. Neno huru limetokana na Kiarabu, na katika jamii ya utumwa lilimtenga asiye mtumwa na aliye mtumwa; watumwa walioachwa huru hapa pwani waliitwa mahuru. Katika miaka ya 1950 wananchi wa Kenya na Tanganyika, wajukuu wa mabwana na wajukuu wa watumwa, walilitwaa neno uhuru wakalifanya dai la wote. Walilichukua kutoka katika ngazi ile ile iliyotupa mtwana na mshenzi, ila wao waliikataa ngazi yenyewe.