Anayepokea Simu ya Aliyekata Tamaa

Mtu wa huku Mukurweini, Kenya, aliyedhikika hata akaona heri kufa aweza leo kupiga 1199, namba ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya isiyotozwa hata senti, ama 0722 178 177, namba ya Befrienders Kenya, jumuiya iliyo katika silsila ya kazi aliyoianzisha kasisi Chad Varah huko London mwaka 1953.

Anayeipokea simu hiyo hana dawa, wala, alhamdulillahi, hana mawaidha. Husikiliza kwanza; kisha humwuliza mpigaji waziwazi kama anafikiria kujiua, swali ambalo wengi huliogopa wakidhani litamtia mtu wazo asilokuwa nalo, ilhali wataalamu wamekwisha bainisha kwamba halimtii, bali aghalabu humtua mzigo. Hutaka kujua tena: yuko peke yake? Nani nyumbani awezaye kuamshwa sasa hivi? Kisha wote wawili hupatana jambo dogo la saa ile, mathalani kitu cha hatari kikabidhiwe jirani, nao wazungumze tena asubuhi.

Taabu ziko hapo hapo. Katika nyumba zetu za huku kwenye kahawa na majani chai, lisemwalo chumbani husikika sebuleni, na simu pengine ni ya kuazima; na mzee aliyezoea kueleza uchungu wake kwa Kikuyu, akilazimika kuutafutia Kiswahili, ujasiri humtoka kabla hajamaliza sentensi. Msikilizaji naye, aliye mbali, hamwoni, na pengine hana gari la kumfikia: akimwelekeza Hospitali ya Mukurweini, nauli ya matatu na mtu wa kumsindikiza ni juu ya mgonjwa mwenyewe.

Sheria nayo ilikuwa kizuizi, kwani kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kililihesabu jaribio la kujiua kuwa jinai, hata mtu akahofu kwamba kukiri kwa simu ni kujishtaki polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alikitamka kuwa kinyume cha Katiba. Ila habari hiyo, nionavyo, haijafika vijijini kama ilivyofika hofu yenyewe.

Na wanaosikiliza, ambao wengi wao hujitolea bila ujira, hurudi nyumbani na sauti za watu ambao mwisho wao hawaujui. Ndiyo maana vituo vyenye nidhamu huwawekea msimamizi wa kuzungumza naye kabla hawajarudi kwenye simu.