Upungufu wa damu (2): Chuma kinapotelea wapi?

Wiki iliyopita tuliona kazi ya himoglobini, yaani ile sehemu ya chembe nyekundu za damu inayojengwa kwa chuma. Leo tuingie kwenye swali ambalo wagonjwa wengi hupewa vidonge na kurudi nyumbani bila kuulizwa: chuma kimekwenda wapi?

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 tu za madini ya chuma, na sehemu kubwa imo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku zipatazo 120, kisha huvunjwa na chuma chake kutumika tena. Kwa hiyo mahitaji yetu kutoka kwenye chakula ni madogo, miligramu 1 au 2 za kufyonzwa kwa siku. Mtu mzima asiye mjamzito akiishiwa chuma, mara nyingi kuna mahali damu inavuja.

Kwa wanawake, mahali penyewe mara nyingi ni hedhi nzito, na mimba zinazofuatana bila kupumzika huzidisha hasara. Kwa anayelima pekupeku kwenye udongo wenye unyevu, yawezekana ni minyoo ya safura: hupenya kwenye ngozi ya miguu, hufika utumbo mwembamba, hung'ata ukuta wake na kunyonya damu polepole kwa miaka. Mwanamume, au mama aliyekwishakoma hedhi, asiridhike na vidonge pekee. Achunguzwe tumbo, kwa kuwa vidonda, dawa za maumivu zinazotumiwa kiholela na hata saratani hutoa damu isiyoonekana kwa macho.

Sasa chakula. Mjamzito akiambiwa damu yake ni ndogo, majirani humletea juisi ya choya au ya bitiruti, kwa sababu ni nyekundu. Rangi hiyo haitoki kwenye chuma. Chuma kinachofyonzwa kwa urahisi kimo kwenye nyama, maini na samaki, na dagaa ni msaada mkubwa kwa mwenye kipato kidogo. Kilichomo kwenye maharage, mchicha na matembele hufyonzwa kwa shida, ila ukila pamoja na chungwa, embe au limau hali hubadilika sana.

Adui mkubwa ni chai, na naisema kwa msisitizo kwa kuwa haisemwi vya kutosha kliniki. Mama hupokea vidonge vyake, akifika nyumbani huvimeza asubuhi kwa kikombe cha chai. Chai hiyo hushika chuma tumboni, na kiasi kikubwa huishia chooni. Vidonge vinywewe kwa maji, chai au kahawa ingoje saa moja hadi mbili. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Kichefuchefu kikizidi, mwone mhudumu akubadilishie utaratibu, usiache kimyakimya. Na hata nguvu zikirudi baada ya wiki chache, endelea kwa takriban miezi 3 baada ya kipimo kurudi sawa, maana akiba ya mwili bado ni tupu.

Watoto wadogo wanahitaji uangalifu wa pekee. Utafiti mkubwa uliofanyika kisiwani Pemba, ukachapishwa mwaka 2006, uliwapa watoto chini ya miaka 3 chuma na asidi ya foliki bila kuwapima kwanza, mahali penye malaria nyingi. Waliopewa walilazwa au kufariki zaidi ya wasiopewa, na ikabidi utoaji wa chuma usimamishwe. Lakini katika kundi dogo lililopimwa, waliokuwa na upungufu wa chuma pamoja na upungufu wa damu walifaidika. Matokeo hayo yaliifanya dunia nzima iangalie upya ushauri wake.

Basi mzazi, usimnunulie mtoto dawa ya kuongeza damu dukani kwa kumtazama weupe wa viganja. Mpeleke apimwe damu na malaria, uulize kuhusu dawa ya minyoo, na alale ndani ya chandarua.