Foto ya mgomba mgonjwa: tengeneza, lakini usidanganye

Ndugu memba wa koperative, siku hizi wengi wetu tunamtumia agronome foto kwa telefone mbele hajafika shambani. Ni jambo zuri. Lakini foto zingine zinafika na giza, kidole kimefunika kamera, ao jani liko mbali sana. Agronome anauliza: "Hii ni nini?" Siku zinapita, na ugonjwa unaendelea.

Tuchukue mfano wa mnyauko wa migomba, ambao tunaujua sana hapa Kivu. Majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, na ukikata ndizi unaona ndani alama za rangi ya kutu. Basi piga foto tatu: mgomba mzima, jani kwa karibu, na ndizi iliyokatwa. Kwanza pangusa kioo cha kamera na kitambaa safi. Jua likae nyuma yako.

Kisha fungua foto, finya alama ya kalamu, na ufanye mambo haya:

1. Kukata. Vuta pembe za foto mpaka libaki jani ao ndizi tu. Miguu ya watoto na ukuta wa nyumba viondoke.

2. Mwangaza. Finya alama ya jua, ongeza kidogo tu kama foto ina giza. Ikianza kuwa nyeupe, rudi nyuma.

3. Kuweka. Chagua kuweka nakala. Ile foto ya kwanza usiifute, agronome anaweza kuiomba.

Rangi usiiguse hata kidogo. Juu ya nini? Yale mapambo ya telefone ni mazuri kwa foto ya arusi, lakini shambani yanadanganya. Jani zima linaweza kuonekana manjano, na jani gonjwa likaonekana kijani. Hapo utang'oa mgomba mzima bure, ao utauacha ule unaoambukiza shamba lako na la jirani.

Tusisahau pia kisu. Kile ulichokatia ndizi ya foto kinabeba ugonjwa. Kipitishe kwenye moto mpaka kipate moto sana, ndipo uguse mgomba mwingine.

Memba asiye na telefone asiachwe. Mwenye nayo ampigie foto, na kwenye ujumbe aandike jina la mwenye shamba, kijiji, na siku alipoona alama ya kwanza.