Ngazi Hupimwa Kabla ya Moto

Mgeni akiingia katika jengo refu huuliza lifti iko wapi. Ni wachache mno wanaouliza ngazi ziko wapi. Lakini moto ukizuka, lifti za kawaida hazitumiki. Kila aliye juu hana budi kushuka kwa miguu, na wote hushuka kwa wakati mmoja. Je, ngazi zitawatosha?

Siku hizi swali hilo hujibiwa kwa kompyuta. Wataalamu huingiza ramani ya jengo, yaani milango, korido na upana wa ngazi. Kisha hulijaza watu wa kubuni, kila mmoja na mwendo wake: kijana mwepesi, mzee, mjamzito, mwenye magongo. Watu hao huamriwa watoke, na kompyuta huhesabu muda na kuonyesha mahali wanaposongamana. Tena binadamu haondoki mara kengele inapolia. Huchukua mkoba, hupiga simu, huuliza wenzake kulikoni. Dakika hizo nazo sharti zihesabiwe.

Faida ya hesabu hizo ilionekana katika minara miwili ya World Trade Center, mjini New York. Kila mnara ulikuwa na ghorofa 110, na njia 3 tu za ngazi. Mwaka 1993 bomu lililipuka chini ya majengo hayo. Watu 6 walikufa, na maelfu walishuka katika giza na moshi, wengine kwa saa kadhaa. Baada ya hapo ziliwekwa taa za dharura, ngazi zikapakwa rangi inayong'aa gizani, na mazoezi ya kutoka yakafanywa.

Ndege zilipoigonga minara hiyo tarehe 11 Septemba 2001, maandalizi yale yalisaidia. Taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, NIST, ilikadiria kwamba ndani mlikuwa na watu wapatao 17,400. Kati ya waliokuwa chini ya ghorofa zilizogongwa, asilimia 99 hivi walitoka hai.

Lakini ilikuwa asubuhi, na wengi walikuwa hawajafika kazini. NIST ilikadiria pia ingekuwaje kama kila mnara ungekuwa umejaa watu 20,000. Jibu lilitisha: watu wapatao 14,000 wangeweza kufa, kwa kuwa ngazi zisingetosha. Mnara wa kusini ulisimama dakika 56 tu baada ya kugongwa, na wa kaskazini dakika 102. Basi maelfu waliokolewa na saa ya ukutani, si na mchoro wa jengo.

Somo hilo liliingia katika kanuni za ujenzi. Toleo la mwaka 2009 la kanuni zinazofuatwa Marekani lilidai njia ya ngazi ya ziada kwa majengo yanayozidi meta 128 hivi, isipokuwa ya makazi.

Hata hivyo, kompyuta huhesabu kila mlango kuwa uko wazi. Haioni kufuli la msimamizi wa jengo, wala maboksi yaliyorundikwa kwenye ngazi. Hayo huonwa na macho yako. Kwa hiyo, wewe unayefanya kazi ghorofani, juma hili shuka kwa ngazi mara moja, kutoka mezani pako hadi barabarani. Ukikuta mlango umefungwa, dai ufunguliwe leo. Siku ya moto hakutakuwa na wa kumdai.