Ukame Karagwe na Kyerwa: Kwa Nini Maji ya Bwawa Hugawanywa Kabla Hayajapungua

Na Mwandishi Wetu

Wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera hupata mvua kwa misimu miwili. Vuli huanza Septemba au Oktoba na kumalizika Desemba. Masika huanza Machi hadi Mei. Masika yakikatika mapema au vuli ikichelewa, kiangazi hurefuka, na chemchemi, visima vifupi na malambo huanza kupungua. Hapo ndipo hutolewa matangazo ya mgawo, na wananchi huuliza maswali mawili: kwa nini tupunguziwe ilhali maji bado yapo lamboni? Na kwa nini mto Kagera usifungwe ili utuhifadhie maji?

Si kila ukuta mtoni huhifadhi maji

Mto Kagera hupita mpakani mwa Tanzania na Rwanda, kisha hugeuka kuelekea mashariki katika eneo la Murongo, Kyerwa, mpakani na Uganda. Ipo mitambo miwili ya kuzalisha umeme katika mto huo: Rusumo, wilayani Ngara, wenye uwezo wa megawati 80, ambao ni wa Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja, na Kikagati–Murongo, wenye megawati 14, ambao umeme wake hugawanywa kati ya Tanzania na Uganda.

Mitambo yote miwili huendeshwa na maji yanayopita. Maji yanayofika hugeuza mitambo na kuendelea na safari yake. Kidimbwi kilicho nyuma ya ukuta ni kidogo mno kuweza kuhifadhi maji ya masika hadi Agosti. Kwa hiyo, wakati wa ukame hakuna akiba kubwa inayosubiri kufunguliwa huko.

Kinachousaidia mto kuendelea kutiririka kiangazi ni mabwawa ya asili, yaani maziwa madogo na maeneo oevu yaliyo kandokando yake. Hayo hupokea mafuriko na kuyaachia polepole. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Anayelima ndani ya eneo hilo anabomoa bwawa lisilo na ukuta.

Hesabu ya lambo

Tuchukue mfano wa lambo lenye ukubwa wa hekta moja na wastani wa kina cha mita 2. Lambo hilo lina lita milioni 20. Robo ya chini, yenye tope, haifai kutumika; hubaki lita milioni 15.

Watu 2,000, kwa kiwango cha lita 25 kwa mtu, hutumia lita 50,000 kwa siku. Ng'ombe 1,000, wakinywa lita 40 kila mmoja, hutumia lita 40,000. Jua nalo lina fungu lake: milimita 5 tu za mvuke kwa siku katika hekta moja ni lita 50,000. Jumla ni lita 140,000 kila siku, na akiba hiyo hutosha siku 107.

Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti ni siku 92, hivyo lambo linatosha. Lakini vuli ikichelewa mwezi mmoja, siku zinakuwa 122. Mgawo ukianza siku ya kwanza, binadamu na mifugo watapunguziwa chini ya moja ya tano ya mahitaji yao. Ukisubiriwa hadi siku ya 92, zitakuwa zimebaki takriban lita milioni 2.1. Baada ya kutoa fungu la jua, watumiaji watapata chini ya robo ya mahitaji yao kwa mwezi mzima. Kwa urahisi wa hesabu, uso wa maji umechukuliwa kuwa haubadiliki.

Hiyo ndiyo sababu ya kutangaza mgawo lambo likiwa bado linaonekana kujaa.

Nani huanza kupata

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu. Mahitaji ya msingi ya binadamu ni ya kwanza. Mazingira hufuata, na ndipo huja matumizi mengine ya kiuchumi. Kwa hiyo, pampu ya shamba inaweza kusimamishwa huku kilula cha kijiji kikiendelea kutoa maji. Vilevile, kiasi fulani cha maji huachwa kipite kuelekea chini hata wakati wa uhaba, kwa ajili ya vijiji vya chini na viumbe hai, wakiwamo wa Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe.

Vibali vya kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Huduma ya maji vijijini inasimamiwa na RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, kwa kushirikiana na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii.

Funzo la Ziwa Victoria

Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingiza maji Ziwa Victoria, na ziwa hilo nalo lina mlango wake Jinja, Uganda. Maji yanayoachiwa hapo hupimwa kwa kanuni iliyokubaliwa, kulingana na kina cha ziwa. Mwaka 2005 na 2006, ukame uliambatana na kuachia maji kupita kanuni hiyo kwa ajili ya umeme. Mwaka 2006 ziwa lilishuka hadi kina ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 80. Ukame haukuzuilika, lakini kiasi kilichoachiwa kilikuwa uamuzi wa binadamu.

Wajibu wa mwananchi

Mifugo inyweshwe kwenye mbauti nje ya lambo, isiingie majini na kujaza tope. Anayechota maji kwa pampu bila kibali atolewe taarifa. Katika mkutano wa kijiji, kila mwananchi ana haki ya kuuliza viongozi na wasimamizi mambo matatu: kina cha maji leo ni kiasi gani, kitatosha siku ngapi, na mgawo utaanza lini. Maswali hayo yaulizwe Mei, mvua zinapokatika, si Septemba.