Tangi moja, maji kidogo: Vimeng'enya vyarahisisha kutia pamba rangi

VIWANDA vya nguo vinaweza kupunguza matumizi ya maji na nishati iwapo vitasafisha kitambaa cha pamba na kukitia rangi katika tangi moja.

Kitambaa kibichi cha pamba hakipokei rangi vizuri kwa sababu uzi wake umefunikwa na nta na pektini, vinavyozuia maji kupenya. Kwa kawaida huchemshwa katika kostiki soda, kwenye joto linalokaribia nyuzi 100, kisha husuuzwa mara kadhaa. Ndipo tangi hujazwa maji mapya kwa ajili ya rangi.

Katika njia mpya, kazi ya kostiki soda hufanywa na kimeng'enya kiitwacho pektinase. Hiki huvunja pektini iliyoishikilia nta, na hufanya kazi kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60 tu. Rangi nyingi zinazoungana na pamba kikemia nazo hukolea kwenye nyuzi 60 hivi. Kwa kuwa joto linalingana, maji yaleyale hutumika kwa kazi zote mbili.

Siri iko kwenye mpangilio. Kwanza hutiwa kimeng'enya pamoja na sabuni ya kulowesha. Kikimaliza kazi, huongezwa rangi na chumvi. Magadi, yale yanayochimbwa pia Ziwa Magadi nchini Kenya, huingia mwisho ili rangi ishike. Yakitiwa mapema, ukali wake hukiua kimeng'enya na kitambaa hutoka na mabaka.

Hata hivyo, njia hii haifai kila nguo. Pektinase haiondoi rangi ya asili ya pamba wala mabaki ya maganda ya mbegu. Kwa hiyo inafaa zaidi rangi nzito, kama nyeusi na bluu iliyokoza. Rangi hafifu bado zinahitaji kitambaa kilichong'arishwa kwa peroksaidi. Hata hapo, kimeng'enya kingine, katalasi, huigeuza peroksaidi iliyobaki kuwa maji na oksijeni, na rangi hutiwa bila kumwaga maji.

Suala hili linazihusu nchi jirani kwa pamoja. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba ili kuinua viwanda vya ndani. Viwanda vikiongezeka, maji machafu nayo huongezeka, na Ziwa Victoria ni la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja. Kinachomwagwa upande mmoja hakisimami mpakani.

Tangi moja halimalizi tatizo hilo. Chumvi na rangi ambayo haikushika hubaki majini, hivyo mtambo wa kusafisha majitaka bado ni wa lazima. Lakini mtambo huo utapokea maji machache zaidi, yasiyo na kostiki soda, na kiwanda kitalipa kidogo kwa kuyachemsha.