Herufi za Miguu Minene Katika Nchi ya Chai

Mtu wa pwani akitajiwa Kericho hukumbuka baridi, mvua ya alasiri na mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa kama zulia. Mimi nilipopita huko, kutoka Kericho hadi Litein, kisha nikateremka mpaka Sotik katika Bomet, macho yangu yalivutwa na kitu kingine: herufi. Ubavuni mwa malori na juu ya milango ya maduka niliona herufi pana, nyeusi, zenye miguu ya mraba mithili ya matofali. Herufi I, kwa mfano, haikusimama kama fimbo tu. Ilikuwa na ubao juu na ubao chini, na unene wa mbao hizo ulikaribia unene wa mwili wenyewe.

Wapiga chapa wa Uingereza waliziita herufi hizi za Kimisri, ingawa Misri haikuzibuni. Napoleon alipoivamia nchi hiyo mwaka 1798, Ulaya ilishikwa na wazimu wa mambo ya Misri, na vitu vingi vizito vikapewa jina hilo. Vincent Figgins wa London alizionyesha katika kitabu chake cha mifano cha mwaka 1815, na mwaka 1845 Robert Besley akatoa Clarendon, nene lakini laini kidogo, ikafaa sana kutokeza maneno katika kamusi. Jina la Misri halikubanduka: Memphis ilitoka Ujerumani mwaka 1929, na Karnak ikatoka Chicago mwaka 1931. Waliokuwa wakiingia sinema za kauboi hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sisi tuliozoea khati za Kiarabu tunaweza kulinganisha na Kufi. Naskhi husomwa mkononi, lakini Kufi iliyochongwa ukutani hutaka kuonwa na mtu aliye mbali. Herufi nene nazo hazikuumbwa kwa ajili ya kitabu cha kusoma usiku kucha. Ukurasa mzima wa herufi hizo huchosha macho kama mtu anayesema kwa kupiga kelele.

Katika chai, kelele hiyo ilikuwa na kazi. Mji wa Kericho haukupitiwa na reli. Chai ilikwenda kwa barabara hadi stesheni ya Lumbwa, inayoitwa Kipkelion siku hizi, ikapanda gari la moshi kuja Mombasa. Ilitiwa katika masanduku ya mbao nyembamba, yenye karatasi ya bati ndani na kingo za chuma. Juu yake ilipakwa alama ya shamba, daraja ya chai, nambari na uzito. Mpakaji aliweka kibati kilichotobolewa herufi, akapitisha brashi ya wino mweusi, basi. Tatizo ni macho ya herufi. Ukitoboa O au P nzima, kipande cha katikati huanguka. Kwa hiyo huachwa vidaraja vyembamba vya kukishikilia. Herufi ya mwili mnene hustahimili kukatwa hivyo na bado ikasomeka. Herufi nyembamba ikikatwa huwa mavunjikovunjiko.

Na kusomeka si jambo dogo. BP1, PF1, PD na D1 ni daraja mbalimbali, na bei zake mnadani hutofautiana. Mnada wenyewe ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969. Kwa mkulima mdogo aliye chini ya KTDA, iliyoundwa mwaka 1964, alama ya kiwanda chake ndiyo jina lake mbele ya mnunuzi asiyemjua. Bei iliyopata alama hiyo humrudia katika malipo ya mwisho wa mwaka, yale yaitwayo bonasi. Wakulima wa Kericho na Bomet wamelalamika mara nyingi kwamba yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Ugomvi huo hauponywi kwa wino, lakini unaonyesha uzito wa jina lililo juu ya mzigo.

Masanduku hayo tuliyafahamu pwani kwa matumizi mengine. Matupu yaliwekwa nguo na vyombo, na Unguja wapigaji wa kidumbak walilitia moja kijiti na uzi, wakapata besi inayoitwa sanduku vilevile. Siku hizi chai husafiri katika magunia ya karatasi yaliyopangwa juu ya vichaga, na tangu 2020 mnada umehamia kwenye kompyuta. Vibati vimepungukiwa na kazi.

Sotik nilimkuta mzee mmoja akiandika jina la duka. Nilimwamkia, “Chamgei, mzee,” akacheka kwa matamshi yangu. Aliniambia kuwa ukungu wa huko humeza herufi nyembamba, na kwamba miguu ya mraba humsaidia fundi: brashi bapa huishia mahali panapoeleweka, na mkono ukitetemeka ubao wa chini hufunika kasoro. Mwenye duka alitaka jina lake lote matatu liingie juu ya mlango. Mzee akapima kwa kamba, akamwambia achague mawili, kwa maana herufi zake hazibanwi. Wakabishana, nami nikaliacha gari la kwanza linipite ili nione nani atashinda. Mwishowe yaliandikwa mawili.